Ekra ya Kweli Kutoka Kampala

Ninyi vijana, kaeni vizuri musome. Najua munasoma haya kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kupitia mupasuko huohuo munaamua foto ya nani ni nzuri na ya nani ni mbaya. Endeleeni tu. Mimi shule niliiacha mapema, siku baba aliposema kwamba musichana akijua kuandika jina lake inatosha. Kwa bahati jina langu ni refu. Lakini rangi ya mutu muzima ninaijua, na rangi ya mutu aliyekufa ninaijua pia. Hapa Goma tulipewa nafasi nyingi ya kujifunza zote mbili. Basi nitawaeleza habari ya ekra ya komputa, kile kioo chake cha kuonyesha picha, kitu ambacho hakinihusu kabisa, na ambacho kilikaribia kumupeleka mujukuu wangu sokoni kuuza makala, makaa ya kupikia.

Nianze na nyumba, maana ekra haikai hewani. Mulima wetu ulininyang'anya nyumba mara mbili. Mara ya kwanza lava ilipita katikati ya muji. Nikahamia Buhene ili niikimbie, na ule mulipuko mwingine ukanifuata mpaka Buhene. Huo ndio uaminifu. Kuna wanaume waliosema wananipenda na hawakunifuata hata mpaka rond-point, ile njiapanda ya karibu.

Baada ya lava kupoa, mutoto wangu wa kwanza alijenga nyumba ya mbao juu ya yale mawe meusi, kama kila mutu. Huyu mutoto tunamwita injenieri. Kisomo hicho hakukipata shuleni. Alitengeneza radio ya jirani, na tangu siku ile radio inashika stesheni moja tu, ya upande wa pili wa mupaka. Mabati hayakutosha nyumba nzima. Chumba cha nyuma kikabaki wazi, na hicho ndicho kilikuwa cha mujukuu wangu, binti wa marehemu binti yangu. Injenieri akanunua bashi, lile nailoni nene la buluu, akalifunga juu ya chumba na kulishusha mpaka upande wa dirisha.

"Haivuji!" akasema, akimimina ndoo ya maji juu ili tuone.

Ni kweli, haikuvuja. Tulimusifu. Majirani walikuja kuangalia wakatikisa kichwa, wakaenda kununua yao. Hakuna aliyeuliza kitu kingine, maana hapa kwetu nyumba ina mutihani mumoja tu: inavuja ao haivuji?

Mujukuu wangu anapiga foto na video za ndoa. Akishapiga, anakaa mbele ya komputa, anakata hapa, anaunga pale, anatengeneza rangi za nyuso. Kutengeneza rangi ni nini? Niliuliza pia. "Koko," akaniambia, maana koko ndiyo mimi, bibi yao, "kamera haioni kama jicho. Mimi naisaidia ione kama jicho." Sawa. Akaisaidia.

Ndoa ya kwanza aliyotengeneza chini ya ile bashi ilikuwa ya familia moja ya Masisi. Bibi harusi alikuwa amenona, anang'aa, shavu kama tunda. Foto zilipotoka kwa muchapishaji mujini, huyo binti alikuwa wa buluu. Sisemi gauni. Ninasema binti. Alifanana na mutu aliyekanyaga mazuku, ile hewa mbaya inayotoka kwenye mashimo ya ardhi na kuangusha mbuzi bila kelele. Na bwana harusi amemushika mukono, naye vilevile, kama walikanyaga pamoja.

Shangazi wa bibi harusi akaja kwetu na bahasha. Hakukaa.

"Mama, nina swali," akaniambia. "Siku ile tulikuwa tunaozesha mutoto, ao tulikuwa tunazika?"

"Mulikuwa munaozesha."

"Asante. Nilikuwa ninasahau."

Ndoa iliyofuata, buluu tena. Sasa watoto wa kartie, mutaa wetu, wakapata wimbo. Mujukuu wangu akipita na kamera yake, wanajilaza barabarani, wanafunga macho, wanakunja mikono kifuani, wanamuita kama dada yao mukubwa: "Tupige foto, yaya! Tuko tayari!" Majirani wakasema ile si studio, ni chumba cha maiti chenye umeme.

Ndipo injenieri alipoongea kama mukubwa wa nyumba, mudomo umejaa ugali. "Ndoa moja tena ikitoka buluu, tunauza hiyo kamera Birere, na wewe unaenda kukaa sokoni na muke wangu kuuza makala. Makala iko na rangi moja. Huko hutakosea."

Mujukuu wangu aliweka chini tonge alilokuwa ameshika. Na ndoa iliyokuwa inakuja ilikuwa ya nani? Ya binti wa mama mumoja wa Butembo, muchuuzi mukubwa wa vitenge, mutu anayejua njano kumi na kila moja anaiita jina lake. Familia nzima ilikuwa imeshona kitenge cha njano. Mama huyo alikuwa amesema: "Nitakuja kuangalia mimi mwenyewe." Kwa Wanande, watu wa Butembo, sentensi hiyo ni kama mahakama.

Kosa ni la nani? La ekra, bila shaka. Injenieri alikuwa ameangalia kwenye simu yake mutu mumoja anayeeleza kwamba ekra nyingine zinasema uongo: nyekundu zinaifanya machungwa, nyeusi zinaifanya kijivu. Alirudia maneno hayo mezani, na asilimia zake, mpaka supu ikapoa. Mujukuu naye alisema ni kweli, wenye kazi hii wanatafuta ekra inayoonyesha rangi kama ilivyo, bila kuongeza na bila kupunguza. Ekra aliyokuwa nayo ilikuwa inamuonyesha kila mutu ana njano, kama mugonjwa wa ini. Alikuwa anapunguza njano hiyo na kuongeza buluu kidogo, ili watu wapone. Wakitoka kwa muchapishaji, wameshakufa.

Tukaenda Birere, pale wanapouza ekra zilizochoka Ulaya. Nilikwenda pia, maana mutoto hajui kubishana bei na injenieri anajua kubishana tu. Muuzaji akawasha moja, tukafunga macho sote.

"Angalieni inavyong'aa! Hata kipofu anaona!"

"Papa," mujukuu akasema kwa adabu, "mimi sitaki yenye kung'aa. Nataka yenye kuonyesha rangi vile iko."

"Rangi vile iko utaiona bure huko inje, mutoto. Huku tunauza yenye kung'aa."

Nilimuheshimu yule mwanaume. Ni muuzaji wa kwanza Birere kuniambia ukweli. Alitutolea ingine, isiyong'aa sana, na injenieri akasema hiyo ndiyo yenyewe, akiipiga mugongoni kama anapima tikiti. Tukaibeba, tukaiweka chumbani chini ya bashi. Mutoto akawasha. Njano.

"Hii pia ni mwongo," akasema.

Basi akaagiza ya Kampala. Ekra ya watu wa foto, ile ambayo kazi yake ni kusema kweli na hakuna kingine. Wakati huo waasi walikuwa wameshachukua Bunagana, kwenye mupaka wa Uganda, na kila kitu cha Kampala kilipita mikononi mwao kwanza. Shofere wa kamio, lori la mizigo, akaifungia ndani ya matelas, godoro la kulalia. Kizuizi cha kwanza wakafungua matelas kuona kama si silaha. Kizuizi cha pili wakataka kuijaribu, na waliijaribu na nini? Mupira. Shofere alituambia wanajeshi walikaa wakaangalia mechi mpaka ikaisha, wakalaumu refa, wakairudisha ndani ya matelas. Huko porini, kati ya watu wenye bunduki, ekra haikulalamikiwa na mutu hata mumoja. Ilipofika kwetu ndipo ilipata maadui.

Maana tuliiweka chini ya bashi, mutoto akawasha, tukasimama wote nyuma yake.

"Njano," akasema.

"Wamekuuzia ya bandia," injenieri akasema. "Mimi nilisema."

Hakuwa amesema. Lakini angalieni akili yetu: ekra tatu, kutoka pande tatu, hazijawahi kuonana, zote zinasema neno moja. Na sisi tukazihukumu zote tatu.

Ndoa ikafanyika, nzuri, padri aliongea mufupi. Mutoto akapiga, akaingia chumbani kutengeneza. Mama wa Butembo alikuwa anakuja siku ya Mungu, Jumapili. Nilimusikia mutoto mule ndani akihema kama mutu anayesukuma chukudu, ule mukokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, yenye mizigo kwenye mulima.

Juma lile ndilo vita ilishuka kutoka Rutshuru. Barabara ilijaa watu, matelas kichwani, sufuria mukononi, kuku kwapani. Mulamu wangu, ndugu mudogo wa marehemu mume wangu, akatoka Rumangabo na watoto na wajukuu, wakafikia Kanyaruchinya, pembeni ya muji, wakalala juu ya mawe. Nyumba yetu ilikuwa imeshajaa watu wa Kibumba waliokimbia vita, mpaka chini ya meza. Akaja mulangoni, miguu imevimba, na bado ana mudomo wake.

"Mulamu, sikuji kuomba kitanda. Naona hapa hata mende wanalala kwa zamu. Nipe kitu cha kufunika watoto. Mvua inatunyeshea kama tumeikosea."

Niliangalia nyumba yote. Sikuwa na kitu, isipokuwa kimoja. Nikasema: "Injenieri, panda ufungue ile bashi."

"Mama! Ekra ya Kampala! Mvua itaiharibu!"

"Ekra haina mafua. Ifunike na beseni. Panda."

"Lakini haivuji!"

"Ndiyo maana ninaitoa. Ningetoa inayovuja?"

Akapanda, ananuna kama mutoto wa miaka mitano. Akafungua kamba upande wa dirisha, akafungua za juu, bashi ikaanguka na vumbi lake. Mchana wa kweli ukaingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu kijengwe. Mujukuu alikuwa amekaa mbele ya ekra yake, hakuinuka. Alikuwa anafikiri: kazi imekwisha, sasa hata paa limekwisha. Kisha nikamusikia akilia kwa nguvu:

"Koko! Koko, kuya! Njoo uone!"

Nikaingia. Kwenye ekra, familia nzima ya Butembo, na vitenge vyao, na keki yao, vyote buluu.

"Vilikuwa vizuri sasa hivi!" akasema. "Sijagusa kitu! Mujomba, rudisha bashi!"

Injenieri akaivuta tena juu ya chumba mpaka dirishani kwa mikono. Chumba kikawa kama ndani ya ziwa. Kwenye ekra nyuso zikapona, zikawa nyuso za watu.

"Toa," mujukuu akasema.

Akatoa. Maiti.

"Rudisha!"

Wazima. Mutoto akaweka mukono wake karibu na ekra, akaangalia mukono, akaangalia bashi, akaanza kucheka na machozi yanashuka. Miezi yote ile alikuwa amekaa ndani ya buluu mpaka jicho lake likaizoea, na kila kisicho buluu kikaonekana njano. Ekra ilikuwa inamuonyesha mutu vile yuko, yeye anaona njano, na anamutibu mutu muzima kwa kumuua.

Mulamu wangu alikuwa bado inje, ameshika kamba.

"Ninyi watu," akapiga kelele, "mimi nimekimbia mabomu tangu Rumangabo, ninafika hapa nakuta watu wazima wanacheza kujificha na bashi! Munanipa, ao nikae niangalie muchezo?"

Tukamupa. Tukaweka mifuko myeupe ya unga dirishani, na juu vipande vya mabati yaliyoungua, ambayo yanavuja kwa uaminifu kabisa. Mutoto akafuta buluu yote aliyokuwa ameweka na kuanza upya, beseni karibu yake, linapokea matone.

Siku ya Mungu mama wa Butembo alifika baada ya misa. Alikataa chai. Akafunua albamu inje, juani, kidole kinapita kwenye vitenge, njano moja kwa moja. Injenieri alisimama nyuma yangu, tayari kwa makala yake. Mama akafika kwenye foto ya maharusi, akaweka kidole usoni pa bwana harusi.

"Mutoto," akamuita mujukuu wangu, "huyu mukwe wangu ni mweusi hivi?"

"Ndiyo, mama. Ni vile yuko."

Akainua albamu, akaileta karibu na macho, akaishusha.

"Ni kweli. Ni mweusi hivi." Akaifunga. "Kumbe sikuwa nimemuangalia vizuri. Basi, ndugu mudogo wa huyu mukwe anaoa baada ya Pasaka. Utakuja na kamera."

Akaomba chai.

Habari ya makala hatukuisikia tena. Sasa injenieri anawaeleza majirani namna yeye alivyogundua kwamba bashi inaharibu mwanga, na wao wanamusikiliza, wamekaa chini ya bashi zao.

Mimi nilikwenda Kanyaruchinya kumuona mulamu. Ndani ya ile bashi watoto wote walikuwa wa buluu, na yeye wa buluu, anapika maharagi ya buluu. "Haivuji," akaniambia, na meno yake ya buluu yakacheka. Nikacheka naye. Kisha nikaona kwamba upande wa nyuma bashi haikufika chini, na mutoto mudogo amelala pale penye baridi.

Nikarudi nyumbani. Mujukuu alikuwa ananingoja aniambie kwamba wenye kazi yake wanataka kuta zisizo na rangi, kijivu tu, na mutu asikae mbele ya ekra na kitenge kinachopiga kelele. Nikawaita wote, hata wa chini ya meza.

"Majivu ya mulima yako inje bure," nikawaambia. "Muyachanganye na maji na simenti, mupake chumba cha ekra. Asiingie mutu mwenye nguo ya rangi, hata mimi nikiwabembeleza. Na pagne zote nzito, vile vitenge vya kujifunga, zilizo ndani ya masanduku, munazoziwekea sikukuu, zitoke leo ziende Kanyaruchinya zikazibe ule upande wa nyuma. Wewe injenieri, shika ndoo."