Siku Tuliyofagia Ziwa kwa Ajili ya Wageni

Bibi Wilhelmina anaishi upande wa magharibi wa kisiwa chetu, peke yake kabisa. Zamani kule kulikuwa na kaya kumi na nne. Magugu maji yalipoziba ghuba yao, boti ya Mwanza ikahamia upande wetu, na watu wakaifuata. Yeye akagoma, kwa sababu mumewe kazikwa nyuma ya nyumba. Basi huongea na kuku. Nimemsikia kwa masikio yangu akimsimulia jogoo habari za wajukuu zake.

Wajukuu hao wako Buhongwa, huko Mwanza, na mama yao, Evelina. Huyo Evelina kila akipiga simu anasema watoto hawawezi mwendo wa saa mbili porini kutoka upande wetu, ila boti ikirudi kutia nanga mbele ya nyumba, watakuja Krismasi. Bibi wa watu akaishikilia kauli hiyo.

Kikundi chetu cha kung'oa magugu kilianza na reki za kuazima. Mimi Luhaga ndiye katibu, na sifichi, mdomo wangu ni mkubwa kuliko kazi yangu. Mwaka jana kampuni moja ya samaki, yenye ofisi Mkuyuni, ilisikia habari zetu ikatupa mabuti, mtumbwi, na mabeseni ya wadudu weusi wadogo, jamii ya fukusi, wanaokula magugu maji tu. Wadudu walitaka mlezi. Nani mwingine? Wilhelmina. Miezi minane aliwabadilishia majani, kisha akawaachia kwenye kipande cha magugu alichokizungushia wavu. Aliniambia afadhali sasa kuna wanaomngoja akiamka. Nikacheka, mjinga mimi.

Kampuni ikasema mtaalamu wao, Yeremia, atakuja kukagua. Akikuta wadudu wamezaliana, wataletwa wengine wa kutosha ghuba nzima, na boti itapata njia. Asipowakuta, mradi unahamia kisiwa kingine.

Siku yenyewe bibi alivuka pori alfajiri kuja kwetu kumpokea Yeremia. Mimi nikawapeleka wanakikundi kwake. Sasa sikiliza. Kwetu mgeni hakuti uchafu, uwanja hufagiliwa kabla hajafika, hata kukiwa na msiba. Na ndani ya ule wavu magugu yalikuwa yamenyauka, majani yametobokatoboka, aibu tupu. Nikaamuru yang'olewe yote, tukayafukia shimoni. Tukabakiza mabichi ya nje ya wavu, yenye maua ya zambarau, yanayopendeza macho. Ati kwenye semina ya kampuni ilielezwa kwamba majani yaliyotobolewa ndiyo yenye wadudu na mayai yao. Mimi wakati huo nilikuwa jikoni nasimamia wali.

Bibi alipofika na mgeni na kuuona wavu mtupu, alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Yeremia alitafuta mdudu saa nzima, maji yakimfika magotini. Nikamweleza tulichofanya, tukafukua shimo, tukakuta majani yamepondeka kwenye tope, mdudu hata mmoja haonekani. Akasema ananiamini, lakini yeye anaandika anachokiona. Akatupa pole, akaondoka.

Bibi hakunigombeza. Ningeshukuru angenitukana, maana hasira naijua, ule upole wake ndio ulioniua. Alinimiminia uji, akasema anajua tulitaka kumheshimisha. Halafu akampigia Evelina kwa sauti ya juu ya spika, kwa kuwa masikio yake yamechoka.

"Mwanangu, msije Krismasi. Boti haitarudi."

Evelina akajibu:

"Hata hivyo hatukuwa tumepanga kuja, mama."

Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi akasema haya, hakuna neno, akasogeza simu karibu na mdomo na kuanza kuwasalimia wajukuu mmoja mmoja kwa majina, akiwauliza habari za shule. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona simu imeshakatwa. Sikumwambia.