Mzazi Aliyewekwa Kwenye Maombi

Kina mama wa kanisa letu wana desturi moja ninayoijua tangu niko darasa la kwanza. Mwanamke akijifungua, wiki haiishi kabla hawajamwendea. Hufunga vitambaa vyao vyeupe, hubeba sabuni, sukari na unga wa uji, kisha huanza kuimba wakiwa bado njiani ili aliye ndani apate nafasi ya kujifunga leso na kuficha vyombo vichafu. Wakishamwombea mtoto na kunywa chai, wawili hubaki nyuma kumfulia mzazi nguo. Huku Mombasa mzazi ni yule aliyejifungua, na ataitwa hivyo mpaka arubaini zake ziishe.

Mzazi wa likizo hii alikuwa nyumba ya tano kutoka kwetu, hapa Mjambere, ndani ya kichochoro kinachopinda nyuma ya duka. Huyo hakuimbiwa.

Nilimjua kutoka kwaya. Ana miaka ishirini na kidogo, na zamani ndiye aliyekuwa akisimama kando yangu kwenye mazoezi, akinikanyaga mguu kila nilipoimba bila kutoa sauti. Mimi ni mtu wa aina hiyo. Hata shuleni nikiitwa kujibu, mwalimu husema "sema tena" mara tatu. Halafu akahama kutoka kwa shangazi yake akaenda kukaa na mwanamume, akaacha kuja kanisani. Mwanamume huyo watu walisema yumo kwenye kundi la vijana wa panga, wale wanaotokea kwa wingi mchana kweupe na kumkata yeyote aliye mbele yao, awe na simu au asiwe nayo. Mimi sina hakika. Nilimwona mara mbili tu, na mara moja alikuwa amebeba mitungi ya maji. Lakini polisi walikuja kumuulizia, naye akatoweka, na mtoto akazaliwa akiwa hayupo.

Kina mama walikutana kwetu kulizungumza jambo hilo. Mimi nilikuwa nikimimina chai. Mwenyekiti wao alisema kwa sauti ya chini kwamba anaogopa. Wote walijua sababu. Mtoto wake wa kiume alikatwa na vijana hao akitoka chuo, na vidole vyake viwili havikunjiki mpaka leo. Akasema wakionekana wakiingia nyumba ile, mtaa mzima utasema ni wamoja na wale vijana. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mwishowe wakakubaliana wamweke mzazi kwenye maombi. Waliandika jina lake kwenye daftari la wahitaji, wakamwombea papo hapo, wakiwa wamefumba macho, maombi marefu na mazuri. Mama yangu akasema amina kama wenzake.

Nitaandika ukweli: nilifarijika. Niliosha vikombe nikiwa na moyo mwepesi, kwa sababu kila wanapokwenda kwa mzazi mimi ndiye hubebeshwa unga.

Asubuhi yake nikamkuta mama anachemsha maji kwenye sufuria kubwa. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema anakwenda kumkanda mzazi. Nikamwambia, si mlisema mnamwombea.

"Tumemwombea," akasema. "Na mgongo wake, nani anaukanda?"

Alifunga leso mbili, akabeba sufuria, akaenda. Aliporudi alinipangia kazi yangu. Yeye hukaanga viazi karai karibu na lango la shule, lakini wakati wa likizo hupeleka biashara yake mbali, sokoni Kongowea, na hurudi jioni. Baba yuko bandarini. Kwa hiyo kila siku adhuhuri ni mimi wa kupeleka chupa ya uji wa pilipili manga.

Siku ya kwanza nilisimama penye kona ya duka muda mrefu hadi mwenye duka akaniuliza kama nimetumwa kitu. Nikasema hapana. Mbele yangu kulikuwa na kichochoro na mlango wa bati la bluu. Mahali fulani mtu alikuwa akinoa kisu, na ingawa nilijua mwenye bucha yuko upande huo, na kwamba saa hizo ndipo anaponoa, nilirudi nyuma hatua mbili. Kila sauti ya chuma kwenye jiwe niliisikia shingoni. Mwishowe nikaenda karibu mbio, nikasema hodi kwa sauti ambayo nadhani sikuisikia hata mimi, nikaweka chupa ndani ya mlango na kugeuka. Nyuma yangu mzazi akasema, "Asante, mdogo wangu. Hata kumwona mtoto hutaki?"

Sikumwona mtoto. Siku ya pili pia. Nilikuwa nimejiwekea hesabu: nikifika na kuondoka kabla sijamaliza Baba Yetu, basi sitakutana na mtu. Nilikuwa naisali haraka haraka, maneno yakipandana, na kila siku niliifikisha mwisho nikiwa tayari barabarani. Siku ya nne vijana watatu nisiowajua walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya nyumba ya jirani, mmoja akaangalia chupa, akaniangalia mimi. Sikulala vizuri. Nilimwambia mama naogopa, akasema anajua, akajaza chupa.

Siku ya sita nilisema hodi na hapakuwa na jibu. Mtoto alikuwa akilia, kile kilio cha kukwaruza cha mtoto aliyelia muda. Nikasukuma mlango.

Mzazi alikuwa kitandani, amejifunika blanketi na leso zote alizonazo, na joto la Mombasa mnalijua. Meno yake yalikuwa yakigongana. Kulikuwa na harufu mbaya chumbani, harufu ambayo sikuijua lakini mwili wangu uliijua. Nilipomgusa paji la uso nikautoa mkono. Aliniangalia, akaniita kwa jina la mdogo wake aliye kwao bara, akaniambia nifunge mbuzi.

Mimi sina simu. Ya kwake ilikuwa imezima chaji. Mama alikuwa Kongowea. Nje kulikuwa na kichochoro, na wale watatu nilikuwa nimewapita muda huo huo, ngazi ile ile.

Nikapiga magoti.

Nimefundishwa hivyo tangu utoto, kwamba jambo likikushinda unaanza na maombi, na sisemi ni mafundisho mabaya. Niliweka mikono kwenye ukingo wa kitanda, nikafumba macho nikaanza. Niliomba kila kitu nilichowahi kusikia wakubwa wakiomba. Nilikemea homa. Nilitaja damu ya Yesu. Nilipomaliza nilianza upya, kwa sababu ningesema amina ningelazimika kusimama. Hilo ndilo ambalo sijamwambia mtu kanisani. Macho yakiwa yamefumbwa hapakuwa na vijana ngazini. Sijui ni dakika ngapi. Ni nyingi.

Kilichonifungua macho ni kwamba mtoto alikuwa amenyamaza. Niliruka. Alikuwa hai, mdomo wake ukifunguka na kufungika bila sauti, amechoka tu. Mzazi alikuwa akinitazama, na kwa muda huo alikuwa na akili zake.

"Umemaliza kuomba?" akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. "Basi niitie mtu."

Nikatoka. Mmoja wa vijana wa ngazini alisema kitu, wenzake wakacheka, sikusikia ni nini. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kina mama kwa sababu nyumba yake ndiyo ya karibu, na kwa sababu mlango wake nimeugonga maisha yangu yote. Alikuja mpaka kwenye geti la vyuma. Nilimwamkia shikamoo, halafu nikamweleza, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniambia sema tena.

Alishika vyuma kwa mikono miwili. Hakufungua.

"Mwanangu," akasema, "kila asubuhi mimi ndiye ninayemfunga mwanangu vifungo vya shati. Ni mtu mzima yule. Nyumba ile siwezi. Usiniombe hilo."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Nikageuka na kukimbia mpaka steji ya tuktuk.

Steji ile mimi huipita kwa kuvuka upande wa pili wa barabara, kwa sababu madereva wana maneno. Wananiita Bubu. Siku hiyo niliingia katikati yao, ndara moja ikiwa imenivuka mguuni, nikasema nataka gari ya hospitali.

"Leo Bubu kanena," mmoja akasema, wengine wakacheka. Wakaniuliza mgonjwa yuko wapi. Nikawaambia nyumba ya bati la bluu, nyuma ya duka. Kicheko kikakatika. Mmoja akajifanya anafuta kioo. Mwingine akasema pole, anasubiri abiria wake.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kofia ya viua iliyodariziwa, alikuwa akila chungwa. Akaniuliza mgonjwa ni mwanamume au mwanamke.

"Ni mzazi," nikasema. "Ana siku kumi na mbili."

Akatupa maganda. "Mzazi haachwi," akasema. "Panda, binti. Na nyinyi wengine kaeni na abiria wenu."

Tuktuk haiingii kichochoroni. Alitaka kusubiri mwanzo wa kichochoro, kisha akaona sitaweza kumbeba peke yangu, akaja nami mpaka ndani. Akasema Bismillahi, akamnyanyua mzazi pamoja na blanketi lake. Mimi nikambeba mtoto. Sikuwahi kumbeba mtoto mdogo hivyo, shingo yake ilikuwa ikiniogopesha kuliko vijana wa ngazini. Hao walitupisha. Mmoja alisimama kabisa, akaondoa mguu wake njiani. Mpaka leo sijui walikuwa nani.

Tulipopita kwa mwenyekiti tukielekea kwenye tuktuk, geti lilikuwa bado limefungwa, lakini mkono wake ulitoka katikati ya vyuma ukiwa umeshika leso mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Niliichukua bila kusimama. Ndiyo niliyomfungia mtoto.

Hospitalini muuguzi alitaka kujua mgonjwa ameletwa na nani. Yule mzee alikuwa amemweka mzazi kwenye kitanda cha magurudumu na alikuwa akinitazama mimi. Muuguzi akauliza tena: jina la mume, anakaa wapi, wewe ni nani wake. Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya karatasi. Niliwaza kwamba karatasi hiyo itasomwa na polisi, na jina langu litakuwa chini ya jina la yule mwanamume. Niliwaza kusema simjui. Ningeweza kusema ni jirani tu, na isingekuwa uongo.

"Ni dada yangu," nikasema. "Wa kanisani."

"Sema tena."

Nikasema tena.

Walimpeleka ndani. Ilikuwa homa ya uzazi, kuna kitu kilibaki tumboni na kikaoza. Yule mzee alikwenda Kongowea na tuktuk yake kumtafuta mama kati ya wauza viazi wote, akampata, akamleta, na mafuta bado kwenye mikono yake. Mpaka hapo nilikuwa nimekaa kwenye benchi na mtoto, nikiwaza kila mlango unaofunguka wanakuja kuniambia amekufa.

Hakufa. Siku ya tatu waliniruhusu kumwona. Alikuwa amekonda uso, na mrija mkononi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima nikamwambia yote, kwamba niliomba muda mrefu kwa sababu niliogopa kutoka, wala si kwa imani, na kwamba angekufa mimi nikiwa nimefumba macho.

"Najua," akasema. "Ulikuwa ukitetemeka, kitanda chote kikitetemeka. Nikawa nasema, huyu mtoto ataniangusha chini." Akacheka, akashika tumbo kwa maumivu. "Lakini wenzako waliniombea wakiwa mbali. Wewe angalau ulitetemekea hapo hapo."

Jumapili mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Mama alinitazama. Nilitazama viatu vyangu. Mwenyekiti wa kina mama alikuwa mstari wa mbele, na yeye pia hakusimama.

Jana mama alisema hospitali itamruhusu Alhamisi, na kwamba harudi kule nyuma ya duka, anakuja kwetu mpaka arubaini ziishe. Baba aliweka kijiko chini. Si mtu wa maneno mengi. Aliuliza jambo moja tu: yule kijana akija kumtafuta mtoto wake, atagonga mlango wa nani?

Kisha alimaliza chakula chake, akaenda kutafuta nyundo, akakaza komeo ya mlango wa mbele. Aliporudi akaniuliza kama godoro langu litawatosha watu wawili na mtoto.

Nimefua shuka na zimekauka. Nimehamisha vitabu vyangu chini ya meza. Nitalala upande wa mlangoni, kwa sababu yeye atahitaji ukuta wa kuegemea akinyonyesha. Nimejaribu kulala upande huo tangu jana, na kila mtu akipita nje nakaa kitako.