Ng'ombe Gaju Anatafuta Watu Wake

Jua halijapasua ukungu wa Mushaki, na Sidonie anafunga mgongoni mzigo usio mtoto. Ni kompyuta kuukuu, imezungushiwa kitenge mara mbili na kuvishwa kofia ndogo ya sufu. Anainama, anainuka, anajitikisa kama mama anayebembeleza. Haichezi. Anafanya ishara ya msalaba, anashika njia.

Kwenye kizuizi, kijana mwenye bunduki anachungulia.

"Mama, mutoto wako hata kukohoa?"

"Ameshiba, kaka. Ukimwamusha, weye njo utamunyonyesha."

Wenzake wanaangua kicheko. Kamba inashushwa.

Sidonie, mwenye miaka thelathini na sita, huchaji simu za watu kando ya barabara ya Sake kwa paneli moja ya jua. Simu moja ni faranga mia tano. Mvua ikishinda, analala na ugali mtupu. Leo hakufungua kibanda. Anakwenda kwenye kongamano la watengeneza programu na kurasa za mtandao wa Masisi na Walikale.

Mwaka huu lilikuwa lifanyike Goma. Vita vikakata barabara, na waandaaji wakalihamishia ukumbi wa parokia.

"Wamefunga barabara. Akili hawakufunga," anasema Polycarpe, mmoja wao, huku akimwaga mafuta kwenye jenereta.

Mtandao haupo. Watu wameketi kwenye mabenchi ya katekisimu, wakirushiana kazi zao simu kwa simu.

Sidonie alianza kujifunza baada ya vita kumkimbiza kutoka kwao Kirolirwe. Usiku ule risasi ziliwatawanya kama maharagwe ya gunia lililotoboka, na kaka yake Symphorien hajaonekana tangu hapo. Kibandani, kila aliyeleta simu alikuwa akimtafuta mtu.

"Nikasema, Mungu hakunipa bunduki, amenipa umeme kidogo," anasimulia. Akasoma masomo yaliyohifadhiwa kwenye kadi ya simu, mpaka akatengeneza ukurasa wake.

Ndani ya ukurasa huo hamna jina la mtu hata mmoja. Yapo majina ya ng'ombe. Kila familia huandikisha ng'ombe wake na swali ambalo wa nyumbani tu wanalijua. La Sidonie linasema: Gaju alivunjika pembe gani, na nani alilia? Anayejua hupeleka jibu kibandani, na familia ndiyo huamua kama ni mtu wao. Familia kumi na saba zimekutana hivyo.

Zamu ya Sidonie ya kuonyesha ukurasa inapofika, Viateur, fundi aliyetoka Walikale, anasimama. Anasema shirika lake lina mashine kubwa ya kuhifadhi kurasa, na liko tayari kuupokea huu. Ukurasa utasomwa hadi kwenye kambi za Uganda, ambako husemekana watu wengi wa Kirolirwe walivukia.

Sidonie anashika ukingo wa meza. Huenda Symphorien yuko huko.

"Ila wakubwa wangu wanataka majina na picha, Mama," anasema Viateur. "Bila jina, muntu atapatikana namna gani?"

"Hapa kwetu jina linasema weye ni wa kabila gani. Ukiliandika, umeonyesha mulango. Adui naye anajua kusoma, Papa."

"Basi hawatakubali."

"Wabaki na mashine yao."

"Hata kama kaka yako iko kule?"

Sidonie anaachia ukingo wa meza.

"Ninamutaka akiwa muzima. Sitamuonyesha kwa mwenye kumuua ili mimi nimuone."

Kutoka nyuma, Mama Consolée, mkulima wa maharagwe, anapaza sauti: "Na siye tusio na ng'ombe? Tutaandikisha kuku?"

Watu wanacheka.

"Shamba lenu mulikuwa munaliita namna gani, Mama?"

"Lile la mawe? Tulikuwa tunaliita Mukwe Mubaya. Halishibi jasho!"

"Njo jina hilo. Sasa leta swali."

Mama Consolée anasogea mbele, kitenge kikiburuzika chini. Nyuma yake panajipanga wengine. Viateur anabaki amesimama, kisha anachomoa simu yake mfukoni.

"Wakubwa nitawaambia mwenyewe," anasema. "Unitumie. Kesho narudi Walikale kwa miguu, na wakimbizi wa kule nitawaonyesha mimi."

Mchana, ukurasa umekwisha kuingia katika simu za ukumbi mzima. Msafirishaji mmoja wa Butembo ameuchukua. Malori yake hufika hadi mpakani mwa Uganda. Sidonie anataka kila soko la Masisi na Walikale liwe na mwenye kuchaji simu anayeutunza.

"Siku moja mutu atakuja kuniambia ni pembe gani," anasema. "Na atajua kwamba aliyelia ni mimi."

Jioni, kizuizini, yule kijana anamtambua.

"Mama, mutoto bado analala?"

Sidonie anapandisha kitenge mabegani.

"Hapana, kaka. Leo ameanza kutembea."