Salamu za Ladislaus

Siku za soko mjini Sumbawanga, gazeti la serikali lilisomwa barazani kwa Mzee Salum, muuza nguo. Mimi nilisoma Kiswahili chake. Rafiki yangu Ladislaus, mtu wa kijiji cha Kate, aligeuza kwa Kifipa, na kwa kutia chumvi hakuwa na mpinzani. Bei ya ulezi ikipanda kidogo kwenye karatasi, mdomoni mwake ilipanda mpaka kina mama wakapiga vigelegele. Mzee Salum alimkemea huku anacheka. Habari za vita vya Wazungu tulizisoma mwisho, watu wakianza kuondoka.

Vita hivyo vikatufuata. Tuliingia jeshini pamoja, tukajikuta Burma, kwenye mvua isiyokatika. Afisa mmoja aliyetengeneza gazeti la askari aligundua kuwa najua kuandika, akanifundisha kazi: nani, wapi, lini, na nani ameona kwa macho yake.

"Vita vikiisha magazeti yataongezeka," aliniambia. "Watatafuta watu kama wewe."

Alisema kweli. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha mimi na watoto wangu. Lakini wakati ule nilifurahi tu kwamba kuna mtu ananiona nafaa.

Ukurasa uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa salamu za nyumbani. Nilipita kwenye mahandaki nikiandika neno la kila mtu.

"Andika hivi," alisema Ladislaus. "Mama, mimi mzima, nakula nashiba. Yule ndama mwekundu asiuzwe."

"Unashiba wapi wewe?"

"Andika tu, bwana."

Kesho yake alfajiri tuliamriwa tuvuke mto.

Risasi zilitoka ng'ambo.

Ladislaus alianguka majini. Nilimshika mkanda, nikamvuta. Alikuwa amekwisha kufa.

Nilipomwomba afisa aiondoe salamu ile, ilikuwa imekwisha kwenda mtamboni. Gazeti letu lilichapwa mbali, likapanda meli, kisha gari moshi, kisha lori. Kufika Ufipa lilichukua miezi.

Vita vilipoisha nilianzia Kate kabla ya kwenda kwetu. Mama yake alikuwa shambani, analima. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia huku akiangalia njia niliyotokea.

"Mwenzako umemwacha wapi?"

Nilishangaa, maana tarishi wa boma alikwisha kuleta taarifa ya kifo. Ndugu walikusanyika, wakalia. Kumbe, alivyonieleza, kabla matanga hayajaanuliwa, mwalimu wa shule alikuja na gazeti, akawasomea jina, kijiji, mpaka ndama. Gazeti lilikuja baada ya tarishi, basi wote wakaamini tarishi ndiye aliyekosea.

Tulikaa kwenye tuta. Nikamweleza gazeti linavyotengenezwa, hatua moja baada ya nyingine, polepole, kwa sababu nilikuwa naogopa kufika mwisho. Alinisikiliza mpaka meli ikatia nanga.

"Aliposema ni mzima, alikuwa mzima kweli?"

"Ndiyo, mama. Alikufa kesho yake."

"Na mwalimu anatusomea, mwanangu yuko chini ya udongo?"

"Ndiyo, mama."



"Na sisi tulicheza ngoma," alisema. "Tulipika pombe, tukacheza ngoma."

Nililia mbele yake bila aibu. Yeye hakulia. Aling'oa jembe kwenye udongo, akalilaza pembeni.

"Nenda kawaite wenzangu," alisema. "Waambie matanga tunaanza tena."