Gurudumu la Mapepe

Mpunga uliolowa una harufu yake. Si harufu ya wali, wala si ya shamba. Ni harufu nzito, yenye joto ndani yake, kama pumzi ya mnyama aliyelala. Juzi gunia moja lilinyeshewa nyuma ya nyumba yangu, na asubuhi nilipofungua mlango harufu ile ikanijia usoni. Mtu mwingine angeona hasara. Mimi niliona gurudumu la baiskeli. Msinicheke kabla sijawaeleza.

Nilikulia Kulesa, kando ya Mto Tana, na katika miaka ile ya hamsini nilikuwa msichana mdogo mwenye miguu isiyotulia. Bibi, aliyemzaa baba yangu, alikuwa akisema nimemeza panzi. Baba alikuwa amefariki kwa homa. Mama alikaa ujane kwa muda, kisha kaka zake wakamwoza kwa mtu wa Kipini, kule mto unakoingia baharini. Mimi nikabaki kwa Bibi, kwa sababu mtoto alikuwa wa ukoo wa baba, na jambo hilo halikujadiliwa. Hakuna aliyekaa nami kunieleza. Niliamka siku moja nikakuta mahali pa mkeka wa Mama pamefagiliwa.

Nyumba ile ilikuwa na mtu mwingine asiyetulia: Baba mdogo Buya, ndugu yake marehemu baba. Alikuwa kijana bado, hana mke, na maradhi yake yalikuwa baiskeli. Hakuwa peke yake. Vijana wa Kulesa, Hewani na Garsen wiki nzima walilima mpunga na migomba, wengine walibeba mizigo ya maduka, lakini Jumamosi ikifika walikusanyika katika banda la Kazungu, seremala Mgiriama ambaye watu wake walihamia huku kutoka kusini. Hapo ndipo walipounda baiskeli zao. Nasema kuunda, maana kutengeneza kilichoharibika hakukuwatosha. Baiskeli nzima iliwaudhi. Waliichukua iliyokuwa ikienda vizuri, wakaivunja yote mchangani, wakaiunganisha tena kwa namna nyingine: fremu ya huyu, mnyororo wa yule, rimu iliyotoka Malindi bila mtu kujua ilitokaje. Madigadi waliyatupa, kwa sababu udongo mweusi wa kwetu huganda chini yake mpaka gurudumu likakwama. Keria walizichonga kwa mbao za mitumbwi iliyozeeka.

Fahari yao kubwa ilikuwa usukani. Walilijaza bomba lake mchanga mkavu, wakaziba ncha kwa udongo, wakauweka kwenye makaa hadi ukawa mwekundu, kisha wakaukunja polepole, ukapanuka na kupanda juu kama pembe za ng'ombe wa Waorma. Mchanga ule ndani ulizuia bomba lisibonyee. Nilipenda kusimama pale, moshi ukinichoma macho, nikisubiri wauzibue na mchanga wa moto umwagike chini.

Mchungaji mmoja Muorma alipita siku moja na kundi lake, akasimama kwa mguu mmoja, akaitazama baiskeli ya Baba mdogo kwa makini sana.

"Buya, hii ng'ombe yako pembe iko, maziwa hapana. Sasa faida gani?"

"Faida yake haili nyasi," Baba mdogo akamjibu.

Wakishamaliza kuunda walipanda, wakaondoka. Kina mama waliokuwa mtoni waliwauliza, "Mwaenda wapi?" Nao wakajibu, "Twaenda tu." Hewani, Garsen, na kurudi, vumbi likiwafuata. Jumamosi iliyofuata baiskeli zilikuwa mchangani tena, vipande vipande. Nadhani walichokiogopa ni siku ambayo hapangebaki cha kubadilisha.

Mwaka mmoja miiba ya migunga ilikuwa imemaliza mipira ya ndani, na duka la Garsen halikuwa na mingine. Kila mtu akajaza tairi lake alichoweza. Kazungu alijaza matambara. Wengine walijaza kamba kuukuu. Baba mdogo alikwenda kwa Bibi aliyekuwa akipepeta mpunga, akamwomba yale mapepe, zile punje tupu zinazoruka nje ya ungo. Akashona mfuko mrefu wa kitambaa kama utumbo, akaushindilia mapepe, akauzungusha kwenye rimu ya nyuma, akavalisha tairi juu. Lilikuwa jepesi, linabonyea na kurudi.

"Hiyo baiskeli ukiichoka utaikoboa?" Kazungu akamuuliza, na banda zima likacheka.

Baba mdogo hakujali. Alikuwa ameshaamua: Jumamosi ifuatayo yeye na Kazungu wangekwenda Kipini, safari ambayo hakuna mwenzao aliyekuwa ameifanya. Niliposikia neno Kipini, sikumwacha. Nilimfuata mtoni, shambani, bandani, mpaka chakula chake kikawa hakishuki. Mwishowe akamwendea Bibi.

"Mama, nimpeleke huyu akamwone mamake."

Bibi aliendelea kupepeta. "Atamzuia."

"Hawezi kumzuia. Twalala Jumamosi, Jumapili twarudi."

"Buya, nisikilize. Mwanangu nimeshamzika. Huyu ndiye aliyeniachia. Jumapili jua likizama nataka kumwona hapa mlangoni. Ukimwacha kule, na wewe baki huko huko."

Tuliondoka alfajiri. Baiskeli zililazwa juu ya mtumbwi, na Baba mdogo alikaa akilikumbatia gurudumu la nyuma lisiguse maji. Tulipofika kwenye madimbwi aliniteremsha, akaibeba baiskeli begani, akapita nayo kama mtu anayevusha mgonjwa. Kisha kukawa na mchanga, na miti ya mikoma, na mchanga tena. Nilikuwa nimefungwa kwa leso kiunoni mwake, nikiuliza kila kona kama tumefika. Kazungu aliyekuwa nyuma yetu alinijibu kila mara, "Tumefika, tumepita, sasa twarudi," na kila mara niliamini nikataka kulia.

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipoingia Kipini. Nyumba ya Mama ilikuwa na marundo ya makumbi ya nazi uani, kwa kuwa mumewe, mzee mpole mwenye vidole vikavu, alisokota kamba. Yeye ndiye aliyetuona kwanza. "Karibuni, karibuni. Ndooni ndani," akasema kwa lafudhi yao ya pwani. Mama alikuwa ameketi nyuma yake na fungu la makumbi mapajani. Nilikuwa nimeiota siku hiyo kwa namna nyingi, na katika zote Mama alikimbia. Hakukimbia. Alisimama, makumbi yakamwanguka miguuni, akaniangalia kuanzia nywele hadi nyayo.

"Umerefuka," akasema.

Nami, niliyewasumbua watu wiki nzima kwa ajili yake, nikajificha nyuma ya baiskeli.

Labda ili kunitoa pale nilipojificha, Baba mdogo alianza kumweleza shemeji yake juu ya uvumbuzi wake. Mama aliinama, akalibonyeza tairi kwa dole gumba, akalisogelea kwa pua.

"Mapepe ya nani haya?"

"Ya Mama kule nyumbani, ya mavuno ya juzi."

Akalibonyeza tena. "Na likilowa?"

"Hapo limekwisha, shemeji. Adui wake ni maji tu. Nimelibeba njia nzima kama yai."

Walikula, kisha Baba mdogo na Kazungu wakatoka kwenda kuwaonyesha vijana wa Kipini zile pembe zao. Walipokwisha kupotea, Mama alichukua ndoo ya maji, akaniita kwa lafudhi ya kule.

"Ndoo mwanangu, tuioshe baiskeli ya ami yako. Chombo cha mgeni hakilali na tope."

Nilifurahi kupata kazi. Nilikimbia kisimani na kurudi, nikimwaga nusu njiani. Mama alimimina taratibu, akilizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja, akiniuliza maswali: nani hunisuka nywele, je, bado naogopa viboko wakinguruma mtoni, Bibi hunipa maziwa? Alisugua usukani mara moja tu. Gurudumu lile la nyuma alilimwagia, akalimwagia tena, na kila nilipodhani tumemaliza alinirudishia ndoo.

Baba mdogo aliporudi aliikuta baiskeli inang'aa. Alichuchumaa, akaligusa tairi. Akainua macho kumtazama Mama, na Mama akaitazama ndoo yake.

"Imetakata, shemeji," akasema hatimaye.

"Ilikuwa na tope jingi."

"Kweli. Tope lilikuwa jingi."

Asubuhi tairi lilikuwa limevimba kama chatu aliyemeza paa, na ubavu mmoja umepasuka. Kazungu alicheka mpaka akakaa chini. "Nilikuambia utaikoboa! Sasa imeiva yenyewe!" Alipopata pumzi akafuta macho, akawa mtu wa busara. "Basi mtoto nimchukue mimi. Keria yangu nzima, na bibi yake anamngojea leo."

Mama alikuwa akisokota kamba. Mikono yake ikasimama.

"Niliyemchukua kwa Mama ni mimi," Baba mdogo akasema. "Atarudi na mimi. Wewe tangulia, umwambie tairi limepasuka. Usiongeze neno. Jumamosi utuletee lile tairi langu kuukuu lililo bandani."

Ndivyo nilivyopata wiki nzima na Mama. Na ningependa kuwaambia kwamba niliinywa kama asali. La. Yule panzi niliyemeza alinipigapiga ndani kutwa. Asubuhi nilikuwa barabarani natazama upande wa Witu, njia ya kurudi Kulesa. Mama alinipeleka ufuoni nikaona bahari kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza njia ile ya kando inaelekea wapi. Alinisuka nywele, na kabla hajafika kisogoni nilikuwa nimemtoka mikononi mara kadhaa. "Kazungu anakuja lini?" nilimuuliza akiwa anapika, akiwa anasokota, akiwa anaswali. Alinipa nyundo ya mti nipondeponde makumbi, na kwa muda mfupi kelele zile zilinituliza.

Katikati ya wiki lile gurudumu, lililoegemezwa ukutani kwenye kivuli, likaota. Ndani ya mapepe hukosi punje nzima zilizoponyoka, na zilikuwa zimekunywa maji zikashiba. Majani membamba ya kijani yalichungulia kwenye mpasuko wa tairi. Baba mdogo aliita nyumba nzima. Mzee akasema hajaona shamba linaloweza kuviringika. Mama alicheka sana, akaficha uso kwa leso, na aliendelea kuuficha sisi tukiwa tumekwisha kunyamaza. Nilidhani ni kicheko kimemzidi.

Jumamosi Kazungu akafika na tairi kuukuu shingoni. Kabla hajanywa maji akanigeukia. "Bibi yako anaketi mlangoni kutwa. Akipikiwa, anasema atakula na mjukuu wake."

Mama alisikia. Baba mdogo alianza kuokota matambara ya kujazia, lakini Mama akamkata. "Niachie, shemeji."

Alichagua makumbi yaliyokauka vizuri juani. Aliyaponda, akayachambua, akayasokota kamba nene kama mkono wa mtoto, akaizungusha kwenye rimu huku akiikaza kwa goti. Pale palipokuwa na nafasi aliongeza, akagonga kwa nyundo. Akavalisha tairi, akalibonyeza kwa dole gumba pande zote, akalivua, akakaza tena mahali ambapo mimi sikuona kasoro. Kesho yake, Jumapili alfajiri, alilibonyeza mara ya mwisho, akanipandisha kwenye keria, akanifunga leso kiunoni mwa Baba mdogo kwa fundo lililoniuma kidogo. Nilipiga kelele za furaha tulipoanza kwenda. Sijui alisimama pale mpaka lini, kwa maana sikugeuka.

Nilikuwa mama wa watoto, na nimepepeta mpunga mwingi kwa mikono yangu, nilipoielewa ile ndoo. Mwanamke aliyekua kwenye mashamba ya Tana hahitaji kuambiwa maji hufanya nini kwa mapepe, na Mama alikuwa ameuliza, na alikuwa amejibiwa. Mila haikumpa mlango wa kuniombea hata siku moja zaidi, akaenda kuomba kwa gurudumu. Baba mdogo alijua tangu alipoligusa, na hakumwaibisha, si siku ile, si baadaye, hata pale Kazungu alipomfanya kichekesho cha banda kwa miezi.

Lakini si ndoo inayonirudia zaidi. Wanawake wengi wangeimwaga. Ni lile goti lililokaza kamba. Angeweza kuilegeza mahali kidogo tu, na hakuna ambaye angemshuku. Tungekwama njiani kwenye mchanga, tungerudi kwake jioni ile ile. Alikuwa ameniona barabarani kila asubuhi. Alikuwa amesikia habari za mwanamke mwingine aliyeketi mlangoni bila kula.

Tulifika Kulesa jua likiwa bado juu ya migomba. Njia nzima, mchangani na kwenye mashimo, tairi lile halikubonyea.