Harusi ya Jukwaani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kamba. Ukumbi wetu ulikuwa jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, ukitokea Kariakoo, na pazia lake zito lilivutwa kwa kamba iliyopita juu ya dari. Karani wa Ukumbi, mtu mkavu mwenye kaptura iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, aliniambia, "Ukivuta kwa pupa pazia litakwama, na watu watakucheka wewe, si waigizaji." Basi nikajifunza kuvuta. Vijana wa leo mnabonyeza kitufe, kisha mnalalamika kazi ngumu.

Kutoka kwenye kamba nilipandishwa kwenye taa, na kutoka kwenye taa nikawa mnong'onezi. Kazi hiyo siioni tena siku hizi, kwa hiyo nieleze. Mnong'onezi hukaa ubavuni mwa jukwaa, mahali watazamaji hawamwoni, ameshika mswada, yaani maandishi yote ya mchezo. Mwigizaji akisahau, humtupia neno kwa sauti ya kumfikia yeye tu. Sharti kubwa ni usisimame kufikiri. Ukifikiri, kimya kinaingia na mchezo umekufa. Bwana Ustawi, Mzungu wa idara ya Ustawi wa Jamii aliyekuwa mkuu wetu, alizoea kuniambia, "Athumani, ukiwa pale wewe si mtu. Wewe ni kumbukumbu ya wengine." Nilidhani ananisifu.

Katika miaka ile ya hamsini, Bwana Ustawi alituletea mchezo wa mapenzi wa kuchekesha, wa Ulaya ya zama za kale, za ngome na mashujaa waliovaa chuma mwili mzima. Mfalme anamfungia binti yake mnarani asiolewe na fukara. Shujaa fukara anajifanya mpishi, anaingia ngomeni, na mwisho wanaoana. Mimi na Karani tuliutia Kiswahili. Mavazi ya chuma yaligongwa na mafundi bati wa mtaa wa Gerezani kwa madebe ya mafuta ya taa, na shujaa akipiga hatua ukumbi mzima ulijua anakuja. Mahameli ya gauni tuliazimwa na Mhindi mwenye duka la vitambaa, kwa sharti isikatwe, kwa hiyo binti mfalme alifungwa pini kuanzia shingoni hadi miguuni.

Tabu ilikuwa kumpata huyo binti. Mzazi gani wa Kariakoo enzi zile angemtoa mwari wake akatazamwe jukwaani? Wanaume ndio waliojifunga kanga wakacheza wanawake, na Bwana Ustawi hakulitaka hilo. Aliyetuokoa ni Mzee Kondo, mchekeshaji wa mtaani aliyepewa ufalme. "Nitamleta Mwanahawa wangu," alisema. "Babake nikiwa naye pale pale juu, nani atafungua mdomo?" Sote tuliona ni busara.

Mwanahawa alikuwa mchumba wangu. Posa yangu ilikwisha kukubaliwa, tukingoja Ramadhani iishe, Mfungo Mosi uingie, tufunge ndoa. Shujaa alikuwa Shabani, karani wa bandarini, mrefu, mwenye nywele za kuchana njia. Sikumpenda tangu mwanzo. Sasa amekufa, na bado simpendi.

Mswadani, padri ndiye aliyewaozesha. Siku ya mwisho ya mazoezi Bwana Ustawi akasema watu wa Kariakoo hawatamcheka padri wasiyemjua. "Fanyeni kama mnavyofanya nyumbani. Mfalme amwozeshe mwenyewe. Tena waitane kwa majina yao halisi, watu watacheka zaidi."

"Bwana," nilimwambia, "maneno ya ndoa kwetu hayachezewi."

"Athumani, huu ni mchezo. Andika."

Nikamgeukia Mzee Kondo. Yule mzee angeuza nyumba yake ili apigiwe makofi. Akanigonga bega, "Mwanangu, waache watu wafurahi."

Jumapili alasiri ukumbi ulifurika. Mwishoni Mzee Kondo, taji la kopo la samli kichwani, akamshika Shabani mkono: "Nimekuoza binti yangu Mwanahawa, kwa mahari tuliyoafikiana." Vigelegele vikapasua paa. Shabani akasahau neno lake, au alijifanya amesahau, sijui hadi leo. Kimya kikaanza kuingia. Nikamnong'oneza, "Nimekubali kumuoa." Akalitamka kwa sauti ya kufika Jangwani.

Asubuhi yake tulikuwa tukikunja mahameli alipoingia kaka yake Mzee Kondo, mwalimu wa chuo cha Kurani. Habari zilikuwa zimemfika sokoni.

"Kondo, wewe ndiye walii wa huyu mtoto, mwenye haki ya kumwozesha. Umetamka, mwenzio kapokea, mashahidi ukumbi mzima. Ndoa haina mzaha, bwana. Huyu ni mke wa mtu."

Mzee Kondo alicheka, kisha akaacha kucheka. Tukaenda kwa Shabani kumwomba atoe talaka, yaishe.

"Nimepewa mke mbele ya Kariakoo nzima," Shabani alijibu, amekaa barazani anachokoa meno. "Nimwache kwa kosa gani?"

Mzee Kondo angeweza kwenda kwa shehe akaulize kama ndoa ile ni halali. Aliogopa midomo ya watu. Binti akiachwa siku ya pili, alisema, nani atamchukua? "Mimi," nilimjibu. Alinipita kama sikusema kitu. Bwana Ustawi, alipoelezwa, alicheka mpaka akafuta macho, akasema hayo ndiyo mafanikio. Haukupita muda akahamishwa, akaondoka na picha za mchezo.

Mimi nilihamishiwa ukumbi wa Ilala, na baada ya uhuru nikawa chini ya Afisa Utamaduni, muungwana aliyependa hotuba kuliko michezo. Nilichelewa kuoa, na nyumba yangu haikudumu. Karibu na kustaafu nilimsimulia shehe mmoja msomi mambo yale. Akasema kwa maoni yake maneno ya mchezoni, pasipo nia, hayafungi ndoa. Alinijibu kabla chai haijapoa. Mwanahawa alikuwa ameshakuwa bibi.

Vijana huniuliza kazi ile ilinipa nini. Ilinipa redio ya kuagwa na kifua kibovu cha vumbi la pazia. Hasira nilikuja nayo nyumbani mwenyewe.

Shabani alipofariki na eda ikaisha, nilikwenda kutoa pole. Sikwenda kuposa, meno yenyewe yako wapi? Mwanahawa alinikaribisha barazani.

"Athumani, siku ile baba aliponitaja jina, moyo ulinipasuka. Nilikutazama wewe pale ubavuni. Shabani ulimpa neno. Mimi mbona hukunipa?"

"Mswadani bibi harusi hakuandikiwa neno, Mwanahawa."

"Ningesema lolote," akasema. "Lolote ambalo ungenipa."