Kukanda kwa Kimya

Aliyemwajiri Mama Mikono kwa kazi ya kunyamaza, ama hakumjua, ama alikuwa na roho ngumu. Mwanamke huyu alifunzwa kukanda na shangazi yake, mkandaji wa waliojifungua, na kwa shangazi yule mdomo na mikono vilikwenda pamoja: huku unabonyeza kiuno, huku unauliza mtoto ananyonya, mume yuko wapi, mama mkwe ameanza vituko au bado. Baadaye alipokuwa mfagizi wa hospitali, wagonjwa walimwita aache ufagio awakande mabega, naye aliwakanda huku akiwapa habari za wodi nzima. Mumewe, fundi cherehani, alizoea kusema kwamba nyumba yao hupumzika mkewe akilala.

Basi hospitali ile ile ikaanza utafiti. Daktari mmoja, mwanamke bado kijana, alitaka kujua kama maumivu ya mwili na uzito wa moyo vinaweza kupunguzwa bila dawa. Waliokubali kushiriki waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilikaa na mshauri likazungumza, jingine likakandwa bila kusemeshwa neno.

"Nataka kupima mkono peke yake," daktari alimwambia. "Ukipiga soga, nitajuaje kilichomsaidia mtu ni kiganja chako au ni umbeya wako?"

Salamu mlangoni, kwaheri mlangoni, katikati kimya. Mkandaji wa kwanza alishindwa, akaondolewa. Mama Mikono alichukua nafasi yake, na kila asubuhi alijiapiza kwamba yeye hatafukuzwa kwa sababu ya ulimi.

Miongoni mwa waliokuja kwake alikuwemo mwalimu mstaafu, mjane, aliyeumwa magoti na kukimbiwa na usingizi tangu amzike mumewe. Mwanzoni alipanda kitandani kwa kuguna. Wiki zilivyosogea akaanza kusinzia akikandwa, na asubuhi moja akaingia bila fimbo yake, anatabasamu. Mama Mikono alivimba kichwa, tusimfiche. Alianza na mabega, akashuka mgongoni, na alipofika kiunoni mwalimu akasema kwa sauti ya chini, uso ukiwa kwenye tundu la kitanda cha kukandia:

"Mwanangu, vile vidonge vyangu vya presha nimeviacha. Mikono yako inanitosha."

Mikono ikasimama. Mama Mikono alikuwa amefagia wodi ya waliopatwa na kiharusi. Alijua presha humfanya nini mtu. "Mama, usithubutu!" Maneno yalimfika kooni kabisa. Nyuma ya pazia akasikia viatu vya daktari vikipita, akayameza. Akaendelea kukanda, polepole zaidi, kana kwamba vidole vingeweza kumkataza mtu. Ulikuwa ujinga, lakini mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba anasema sana, siku ile alitaka aonekane anaweza kunyamaza.

Alipanga amwambie mlangoni. Mlangoni akamkuta daktari mwenyewe, anamsifu mwalimu kwa mwendo wake mpya. Mwalimu alimtazama mkandaji, akangoja kidogo.

"Kwaheri, mama," Mama Mikono akasema.

"Haya, kwaheri mwanangu."

Nyumbani chakula hakikupita. Mumewe alimwangalia weee, kisha akauliza, "Vipi, leo redio imekufa?" Mkewe hakucheka. Akamweleza yote, na fundi akaweka mkasi chini.

"Kesho mwambie daktari."

"Wakinifukuza?"

"Wakikufukuza tutabanana. Na yule mama akianguka?"

Kesho yake daktari alikuwa mkutanoni, na Mama Mikono aliona afueni iliyomtia aibu papo hapo. Angeweza kumwambia nesi. Alijiambia kwamba siku ya mwalimu imekaribia, atakuja tu, atamdaka nje kabla hajaingia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia humpata nini aliyeambiwa akakaa kimya. Mama Mikono alikuwa anajua. Kila simu ilipolia mapokezi alisogea kusikiliza, na kila machela ilipopita alichungulia miguu ya aliyelazwa juu yake.

Siku ya mwalimu ilifika. Alitandika kitanda, akapasha mafuta, akasimama nje. Mwalimu hakutokea. Waliofuata walianza kujipanga kwenye benchi, naye hakutokea. Mama Mikono akaingia ofisini kwa daktari bila kubisha hodi, akasema yote kwa pumzi moja.

"Ukanyamaza?" Daktari alishasimama. "Kanuni ile ni ya soga! Mtu akisema jambo la hatari, unasema!"

"Hukuniambia hivyo, daktari."

Daktari akachukua simu, akampigia mwalimu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Walikwenda kwa gari la hospitali. Mama Mikono alipanda ngazi za jengo alilokaa mwalimu mbele ya daktari, akiomba wakute mlango umefungwa na jirani aseme mwalimu kasafiri. Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa amekaa sakafuni jikoni, ameegemea kabati, chai imemwagika kwenye gauni lake. Alikuwa hai. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kushoto ulilala pajani kama si wake.

Wodini, madaktari walipomaliza kumhangaikia, alimwita Mama Mikono kwa jicho. Maneno yalitoka yakiburuta, ikabidi ainame.

"Nilikuambia... ili unigombeze."

"Nini, mama?"

"Mzee wangu alikuwa ananigombeza. Kila nikiacha dawa. Tangu afe, hakuna wa kunigombeza." Akavuta pumzi. "Nikakuambia wewe. Ukanyamaza. Nikajua umeona sawa."

Mama Mikono hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa pale, ingawa hatari kubwa ilikuwa imepita, kwa maana sasa alijua alikuwa ameombwa nini. Akavuta kiti. Akauchukua ule mkono wa kushoto, akaanza kuukanda kidole kwa kidole, na kwa mara ya kwanza mbele ya mgonjwa huyu akaachia mdomo wake.

"Mama, wewe ni mtu mzima na akili huna! Vidonge unavitupa kwa ajili ya mikono ya mfagizi? Mimi nani kwako, malaika? Ungekufa, ningemwambia nini Mungu?"

Alisema huku analia, akasema mpaka nesi akaja kumwashiria apunguze sauti. Hakupunguza. Mwalimu alikuwa amefumba macho, anasikiliza, na nusu ya uso wake ilikuwa inatabasamu. Mkono haukujibu. Mama Mikono akaurudia toka kidole cha kwanza, akaendelea kugombeza.